Makala mabichi

Jioni moja nilimwambia jirani yangu kwamba usiku ule sitalala mapema, nina makala ya kuandika. Akanitazama, akaweka kikombe chake chini, akauliza: «Makala? Gunia ngapi?»

Kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo, makala ni yale meusi ya kupikia. Yanaingia mjini alfajiri kwa baiskeli, magunia yamepangwa juu hadi anayesukuma haonekani. Watu wa pwani huyaita makaa. Jirani yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kambo, yaani bibi, anayauza kwa mafungu mbele ya kipango chetu, yaani ua wa nyumba zetu, hapa Katuba, komuni moja ya mji. Mimi naandika riwaya na kuzichapisha mwenyewe, na riwaya ikikwama naandika makala kama hii. Biashara zetu mbili zina adui mmoja, mvua. Makala yakilowa hayawaki, yanafuka moshi tu. Yangu pia.

Mvua ya huku ina mpangilio wake. Matone ya kwanza huanguka mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, baada ya wiki za joto ambazo hata mbwa wanaona uvivu kubweka. Desemba hadi Machi inakolea. Kwa mwaka tunapata karibu milimita 1,200, na karibu zote zinamwagika ndani ya miezi hiyo michache. Mei mbingu inafungwa, na hadi Septemba unaweza kuacha godoro nje.

Nafundisha Kifaransa sekondari. Kila mwaka nawasomesha watoto kifungu kimoja cha majira ya joto: ni Julai, jua linawaka, familia inakwenda baharini. Watoto wenyewe Julai wanavaa sweta mbili, asubuhi wanaota moto. Nilidhani hilo ni tatizo la Kifaransa. Nilipoanza kuandika kwa Kiswahili nikakuta kamusi nayo inakaa ufukweni. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni mwisho wa mwaka, kiangazi ni Januari na Februari. Januari! Wakati huku mtaro umefurika na watu wazima wanavushwa barabara mgongoni mwa vijana wanaolipwa.

Sentensi ya kwanza ya riwaya yangu ya sasa ilikuwa «Masika yalikuwa yameanza.» Nilimsomea Kambo. Akasema, «Masika? Ule wa Butembo?» Masika ni jina la wasichana wa Kinande, wa upande wa Butembo na Beni, huko mashariki, na sokoni kwetu wapo. Kambo alitaka kujua huyo Masika ameanza nini. Sentensi ile sasa inasema «Mvua ilishaanza.»

Ratiba yangu inapangwa na umeme. Mtaani kwetu unakuja saa nane usiku, siku nyingine saa tisa, unaondoka kabla ya jogoo. Sihitaji saa ya kuniamsha. Friji ya jirani wa nyuma ina mngurumo wake, ikianza tu najua. Naamka, nachomeka simu, kompyuta, taa ya kuchaji, betri ya gari niliyonunua kwa fundi mmoja, kisha ndiyo nakaa kuandika, nyaya zimenizunguka kama mgonjwa. Kompyuta yangu bila umeme inakaa dakika arobaini. Nimejifunza kuandika kwanza mahali pagumu, maana nikianza na parahisi dakika zinaisha nikiwa napamba.

Mtu wa mbali angedhani miezi ya mvua ndiyo miezi ya umeme, kwa kuwa umeme wetu karibu wote ni wa maji. Kuna mitambo ya mto Lualaba, Nzilo na Nseke, na kuna laini inayotoka bwawa la Inga kule karibu na bahari, kilomita 1,700 hadi Kolwezi, iliyozinduliwa mwaka 1982. Maji hayakosekani. Lakini hewani napo kuna radi, miti inayoanguka, nguzo zilizooza shina, na kabini ya mtaani, yenye transfoma, inayopasuka kila radi ikiunguruma mara mbili. Nilinunua paneli ya jua, nikajiona mjanja. Januari nzima wingu lilikaa juu ya Katuba kama mfuniko, paneli ikawa inachaji simu moja kwa siku mbili. Kwa hiyo sura ya nne hadi ya saba nimeziandika kwa kalamu, kwenye madaftari ya wanafunzi, nyuma ya mitihani ya zamani. Upande mmoja kuna mwanafunzi aliyeshindwa kunyambua kitenzi, upande wa pili kuna mhusika wangu anayekataa kusaini karatasi za nyumba.

Muswada unalala ndani ya gunia la unga, lile la nailoni, limefungwa mdomo kwa mpira na kuning'inizwa msumarini. Mabati yangu yana tundu juu ya meza kamili. Nimehamisha meza mara tatu, na mara zote tundu jipya limenifuata. Sasa nimeacha, ndoo ina nafasi yake mezani kama mgeni.

Lakini hiyo ni mvua ya usiku. Mvua iliyobadilisha kitabu changu ni ile ya saa tisa mchana.

Wenyeji wanaijua. Asubuhi jua, saa sita joto linabana, saa nane wingu linapanda kutoka upande wa Kipushi, upepo unabeba mifuko ya plastiki juu ya nyumba, halafu inakuja yote kwa pamoja. Anayetembea anakimbilia barza iliyo karibu. Barza ndiyo baraza ya wenzetu wa pwani, kibaraza mbele ya nyumba, na yangu ni ndefu kwa sababu baba mwenye nyumba alitaka kuweka duka akakosa pesa ya mlango. Mvua ikianza wanajaa. Wanafunzi, mama wa nyanya na beseni lake, kijana wa pikipiki, mzee aliyetoka msibani, siku moja hata mwanamume mwenye mbuzi. Mwaka huu kulikuwa na mama aliyekuwa akiuza uyoga, ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu baada ya mvua za kwanza. Kichwa cha uyoga ule kinaweza kufika upana wa mita. Alikuwa amejifunika mmoja kichwani, badala ya mwavuli. Kambo alinunua nusu.

Nina tabia ya kusoma kwa sauti ninapohariri. Naona aibu kusema, ila mazungumzo ya riwaya siyasikii nikiyasoma kimya. Siku hiyo dirisha lilikuwa wazi, nami nikasoma ukurasa ambapo dada mkubwa anamuuliza dereva aliyerudi na lori kutoka Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia: «Je, umepata kumwona ndugu yangu huko mpakani?»

Nje kukawa kimya, kama kimya kinaweza kuwepo chini ya mabati yanayopigwa na mvua. Kisha Kambo akasema: «Ule dada yako wa kitabu anasemaka sawa padri ku misa.»

Walicheka wote. Nami nilicheka, lakini nilichomwa. Nimesoma Kiswahili kwa bidii, hicho tunachokiita Kiswahili bora, cha vitabu vya Tanzania na Biblia. Nikatoka na karatasi, nikamuuliza angesemaje yeye.

«Siye hatusemake vile. Sema: Ulimuona ndugu yangu? Njo basi.»

Kijana wa pikipiki akapinga. Alisema dada mkubwa, mwenye hasira, asingeuliza hata hivyo, angeuliza «Ndugu yangu iko wapi?» na dereva ajue mwenyewe kwamba anashtakiwa. Mama wa nyanya akasema inategemea kama dereva ni shemeji. Ni shemeji, nikakiri. Basi, akasema, hawezi kumuuliza moja kwa moja, atamtuma mtoto. Wakaanza kubishana juu ya watu ambao mimi niliwatunga, kana kwamba wanakaa mtaa wa pili. Mvua ilipokatika wanafunzi waliondoka. Kijana wa pikipiki alibaki, pikipiki inadondosha maji, abiria wanampigia miluzi barabarani. Aliuliza jambo moja: «Na ile nyumba? Alisaini?»

Nilikuwa sijaamua. Nilirudi ndani nikaamua kwa sababu yake.

Tangu siku hiyo, mchana wenye mvua nasoma sura barazani. Nabeba kiti, nakaa karibu na mlango, napaza sauti juu ya kishindo cha bati. Mvua ikizidi naacha, maana hata radi ina zamu yake. Mahali wanapoanza kuongea mambo yao, naweka alama pembeni: hapo nimerefusha. Mahali mama wa nyanya anapoacha kupanga nyanya zake, naweka alama nyingine. Sura ya sita ilikuwa kurasa ishirini na mbili, ikawa kumi na tatu. Ilikuwa na maelezo ya mawio ambayo nilikuwa nikiyapenda sana. Hakuna aliyeyasikiliza, hata mbuzi.

Nchi yetu ina lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Ukitafsiri hilo katika maisha ya mwandishi, maana yake ni kwamba watu wanapenda kwa Kiswahili, wanagombana na kuzika kwa Kiswahili, lakini wakishika kitabu wanategemea Kifaransa. Nikiwa sokoni na riwaya yangu, mtu anaifungua, anaona Kiswahili, anauliza kama ni ya dini. Wengine wanaona haya kwamba wanasoma lugha yao polepole kuliko ya shule. Kwa hiyo nina aina mbili za wasomaji: wachache wenye macho, na wengi wenye masikio. Nilikuwa nawaandikia wale wachache, na hata hao kwa Kiswahili cha kuazima.

Nilijua pia kwamba si mimi wa kwanza. Mwaka 1965, mji huu ukiwa bado unaitwa Élisabethville, André Yav alikusanya historia ya mji kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, wapishi na maboi waliofanya kazi kwa wazungu. Aliandika kwa Kiswahili chao wenyewe, bila kuomba ruhusa ya kamusi yoyote. Ikapigwa taipu, ikapita mikononi mwa watu. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo inasomeka kwenye intaneti. Niliisoma kwenye simu, usiku wa umeme. Maneno hayatengani pale unapotarajia, nukta zinawekwa popote, na ukiisoma kimya hupati kitu. Nikajaribu kwa sauti. Mara nikamsikia babu yangu aliyekuwa mpishi. Hakuwahi kuniambia mambo yale, lakini sauti ilikuwa yake.

Basi nikafanya uamuzi ambao baadhi ya wenzangu walimu hawajanisamehe. Msimulizi wangu anaendelea na Kiswahili sanifu, kwa kuwa ndicho ninachokimudu na ndicho kinachonifikisha Dar es Salaam na Mombasa. Wahusika wakifungua mdomo, wanaongea kama barza. Msomaji mmoja wa Mombasa, niliyemtumia sura za mwanzo, aliniandikia kwamba lugha ameipenda ila kuna kosa la jiografia: mhusika anatokaje Kenya akafika Katuba kwa miguu, dakika ishirini? Nilicheka peke yangu hadi machozi. Kenya ni komuni yetu hapa mjini, imepakana na Katuba, ina soko na uwanja wa mpira. Nimeongeza sentensi moja kwa ajili yake.

Kuchapa sasa. Hapa nitakuwa na hasira kidogo.

Riwaya ilifika kurasa 212 za A5. Karatasi moja ya A4 inatoa kurasa nne, kwa hiyo nakala moja inakula karatasi 53, nakala mia moja zinakula 5,300, yaani rimu kumi na nusu na chenji kidogo. Hesabu hiyo niliifanya mara nyingi kuliko hesabu ya mshahara wangu. Nilipunguza herufi kutoka 12 hadi 11 nikaokoa kurasa, nikaongeza nafasi ya pembeni upande wa gundi ili maneno yasizame kwenye mgongo. Namba ya ISBN, ile ya tarakimu 13, nilikuwa nimeipata mapema. Jalada alichora mwanafunzi wangu wa zamani, nyumba ya matofali yenye mlango mwekundu.

Nilipeleka kwenye sekretaria moja ya mjini, mojawapo ya vile vyumba vyenye kompyuta mbili, fotokopi na foleni ya watu wa kuandikiwa barua. Sitaitaja. Fundi wake ni mtu mwema, shida ilikuwa hewa. Karatasi inakunywa unyevu. Ukiacha rimu wazi Februari, kesho yake karatasi zimelegea, zinashikana, mashine inameza tatu kwa pamoja na kuzitapika zimekunjwa. Fundi alikuwa akifungua rimu moja moja na kuiweka kwanza juu ya mashine yenye joto. Jalada lilivalishwa plastiki upande wa nje tu. Upande wa ndani ukavuta unyevu ukatanuka, plastiki ikakataa kutanuka, matokeo yake majalada yakajiviringa kama majani ya migomba mbele ya moto.

Kuna jambo alinieleza siku hiyo ambalo sikulijua, na ningemshauri kila anayejichapishia alijue. Karatasi ina mlazo, kama mbao. Nyuzi zake zimelala upande mmoja, na ikilowa inatanuka kwa kukata mlazo huo. Kwenye kitabu nyuzi zinatakiwa kwenda sambamba na mgongo. A4 ya dukani kwa kawaida imelala kwa urefu, ukiikata katikati kupata A5, nyuzi zinageuka na kuukata mgongo. Basi gundi inashikilia, karatasi inataka kurefuka, kurasa zinafanya mawimbi. Jaribu: chana karatasi kwa urefu, halafu kwa upana. Upande mmoja inachanika imenyooka, upande mwingine inakwenda kombo. Nimechana mitihani mingi tangu nijue hilo.

Mawimbi ningeyasamehe. Sikusamehe sura ya tisa kurudiwa mara mbili na sura ya kumi kutokuwepo, katika nakala thelathini na kitu. Tulisumbuana wiki nzima, tukakubaliana anichapie kurasa zilizokosekana, nami nizibandike mwenyewe. Nilizibandika. Ukinunua nakala yenye sura ya kumi iliyochomoza kidogo, ujue ni mkono wangu na uji wa unga.

Katoni ya mwisho niliibeba kwa pikipiki, siku ya wingu, nikijidanganya kwamba litapita. Lilitukuta kabla hatujavuka Kamalondo. Nilivua kitenge nikafunika katoni, dereva akavua koti lake akaongeza juu, tukasimama chini ya mwembe, ambao ulikuwa unavuja kuliko mabati yangu. Nakala ishirini na tatu zililowa.

Kambo ndiye aliyeziokoa. Alikuja na mbabula mbili, yaani majiko ya makala, zimekwishawaka nje hadi moshi umekwisha, akafungua mlango na madirisha yote, maana mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa inaua. Tulisimamisha vitabu sakafuni, wima, kurasa zimetawanywa kama feni, mbali na moto, kila baada ya kurasa kumi tukaweka kipande cha gazeti. Magazeti yakaisha, tukatumia mitihani. Tulikuwa tunageuza na kubadilisha hadi usiku wa manane. Asubuhi tukavilaza kati ya mbao mbili na matofali juu, siku nne. Vilitoka vimenenepa, vinanuka moshi, lakini vinasomeka.

Nimeviuza kwa nusu bei, naviita vitabu vya mvua. Cha ajabu, vilitangulia kuisha. Mama mmoja wa kanisani alivikunja, akavinusa, akasema hivi angalau vinaonekana vimekwishasomwa na mtu. Malipo ni M-Pesa, faranga, au dola. Dola nayo ina masharti: ikiwa na mchaniko mdogo kama kucha hakuna anayeipokea, na ikilowa mfukoni unaianika kwa adabu kuliko kitabu. Ninazo mbili ambazo nimekataliwa kila mahali. Zinanisaidia kuonyesha nimefikia ukurasa gani.

Kambo alikuja kuchukua yake wiki iliyopita. Alisoma miaka mitatu kwa masista, anasoma kwa kidole, kwa sauti, silabi kwa silabi. Hakutaka kuanza mwanzo. Alitaka nimwonyeshe mahali pote palipo na maneno yake. Nikamwonyesha lile la mpakani. Akalisoma, akatikisa kichwa kukubali, akasema: «Na lingine?» Tukaenda hivyo hadi ukurasa wa 190, yeye akihesabu kwa vidole, dole gumba jeusi likibaki pembeni mwa kila ukurasa. Yalifika kumi na moja.

«Mafungu kumi na moja, mwalimu,» akasema. «Bei ya makala, si bei ya kitabu.»

Nimebishana naye kuhusu mawili, ambayo naamini ni ya kijana wa pikipiki. Amenipunguzia moja. Hadi leo nimelipa matano.